Mzigo wa Malawi kupitia Mtwara: dada, usikimbilie mkopo wa semi

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Masasi, nalifupisha. Ana semi mbili na fuso moja, msimu wa korosho anabeba kutoka maghala ya Masasi na Nanyumbu kushusha bandarini Mtwara, msimu ukiisha anapanda Mbinga kubeba makaa ya mawe. Ameambiwa bandari ya Mbamba Bay, kule Ziwa Nyasa, ikikamilika mzigo wa Malawi utapita huku kwetu, na benki iko tayari kumkopesha semi tatu zaidi. Anauliza anunue sasa hivi awahi au asubiri, na anauliza pia kwanini lami ipo, gati jipya lipo, lakini kontena za Malawi hazionekani Mtwara.

Dada, jibu la kwanza nakupa hapahapa usisubiri mwisho: usichukue huo mkopo kwa ajili ya Malawi. Sio kwamba mzigo wa Malawi ni hadithi, hapana, mi ni mmoja wa wanaoamini kabisa kwamba Mtwara inaweza kuwa mlango wa Malawi na nalisema hili kila ninapopata wa kunisikiliza. Ila mzigo huo hautakuja kwa sababu barabara imekamilika, utakuja kwa sababu zingine ambazo bado hazijakaa sawa, na benki haitasubiri zikae sawa, rejesho linaanza mwezi unaofuata. Na kuna namna ya wewe kuingia kwenye huo mzigo kwa hizohizo gari ulizonazo, nitafika huko.

Tuanze na Malawi wenyewe wanataka nini, maana mara nyingi sisi tunajadili huu ushoroba, yaani njia ya mizigo kutoka bandari ya Mtwara mpaka kwao, kama vile wao hawana pengine pa kwenda. Malawi ni moja ya nchi 32 ambazo Umoja wa Mataifa unazihesabu kama nchi zinazoendelea zisizo na bahari, 16 kati ya hizo ziko Afrika. Sheria ya bahari ya 1982 kifungu cha 125 inazipa haki ya kufika baharini na kupitisha mizigo kwa majirani, na kifungu cha 127 kinasema mzigo unaopita tu usitozwe ushuru wa forodha, utozwe gharama za huduma basi. Kwahiyo haki wanayo. Lakini hichohicho kifungu cha 125 kinaacha masharti ya kupita yakubaliwe nchi kwa nchi, na hapo ndo penye kazi yote, kwasababu haki ya kupita haikuletei meli, haikuletei feri, haikuletei afisa wa forodha aliyepo ofisini Jumapili mchana gari linapofika.

Sasa milango ya Malawi. Kuna Beira na Nacala zote ziko Msumbiji, kuna Dar es Salaam kupitia Mbeya na mpaka wa Kasumulu, na kuna Durban huko mbali. Blantyre iko kusini kabisa, Beira ni jirani yake, na Nacala ina reli inayoingia mpaka ndani ya Malawi, hadi Lilongwe ni kama kilomita 1,000 kwa reli. Kwahiyo Blantyre tuisahau, yeyote anayekwambia Mtwara itachukua mzigo wa Blantyre hajaangalia ramani vizuri. Wa kwetu ni kaskazini na katikati, yaani Mzuzu, Nkhata Bay, Nkhotakota, kidogo na Lilongwe. Huko kuna tumbaku, kuna sukari ya Dwangwa, kuna chai ya Nkhata Bay, na huko pia wanahitaji mbolea, mafuta, saruji, vyuma, nguo, vipuri. Sio soko dogo ila pia sio Malawi nzima, hili liingie kwenye hesabu zako mapema.

Kinachofanya Malawi watuangalie sisi ni usalama wa njia, umbali unakuja baadae. Wakati wa vita vya Msumbiji, kati ya 1977 na 1992, njia za Beira na Nacala zilikatika na Malawi ikalazimika kuzunguka mpaka Durban, gharama zikawaumiza sana. Ndo kipindi hicho wakageukia Dar, zikajengwa yadi za Malawi Cargo Centres Dar na Mbeya, mafuta na mizigo mingine ikawa inapita kwetu. Vita ikaisha wakarudi Msumbiji. Halafu 2019 kimbunga Idai kikaipiga Beira, na baada ya uchaguzi wa Msumbiji Oktoba 2024 zikatokea vurugu njia zikafungwa tena, malori yakakwama. Nchi isiyo na bahari inayotegemea mlango mmoja inakuwa imeshikwa koo, Malawi wanalijua hili kuliko sisi, kwahiyo mlango wa pili na wa tatu watautafuta hata kama ni ghali kidogo. Neno "kidogo" hapo ndo mtihani wetu, wakiona ni ghali sana wanabaki walipo.

Historia yetu wenyewe inatosha kutufundisha. Bandari ya Mtwara ilijengwa na Waingereza kwa ajili ya ule mpango wa karanga wa Nachingwea ulioanza 1947, wakajenga na reli kutoka pwani kuingia ndani, na mpango wenyewe ukafa 1951 kabla hata kazi zote hazijamalizika. Bandari ikabaki. Reli ikahangaika mpaka 1962 ikafungwa, baadae vyuma vikang'olewa, wazee wa Nachingwea na Mtama wanajua tuta lilipopita. Ile reli haikufa kwa ubovu, ilikufa kwa kukosa mzigo. Ilijengwa kwa ahadi ya karanga ambazo hazikuvunwa. Sasa hivi linaongelewa jambo la reli mpya ya Mtwara hadi Mbamba Bay yenye matawi ya kwenda Liganga kwenye chuma na Mchuchuma kwenye makaa, karibu kilomita elfu moja, na mimi naiunga mkono kwa moyo wote, lakini uhai wake utatokana na makaa na chuma cha Ludewa kwanza, Malawi iwe nyongeza. Atakayeipigia hesabu kwa mzigo wa Malawi peke yake anarudia mambo ya karanga.

Barabara kwakweli serikali imefanya, tuseme ukweli. Makubaliano ya ushoroba wa Mtwara yalisainiwa Desemba 2004 na nchi nne, Tanzania, Msumbiji, Malawi na Zambia, na wakati ule ukitoka Masasi kwenda Tunduru masika unaweza kulala njiani siku kadhaa, nani asiyekumbuka. Leo unatoka Mtwara unapita Mikindani, Mnazi Mmoja, Mtama, Ndanda, Masasi, Mangaka, Tunduru, Namtumbo, Songea, Mbinga mpaka unamwagika Mbamba Bay ziwani, lami tupu, kama kilomita 820. Kile kipande cha mwisho cha Mbinga kushuka ziwani ndo kimekamilika juzijuzi tu, na wewe unayebeba makaa unazijua zile kona za Umatengo, kushuka na tani thelathini mgongoni ni shughuli. Na barabara ya Mtwara, Nanyamba, Tandahimba, Newala mpaka Masasi nayo inawekwa lami, ikiisha itapunguza mzigo kwenye ile ya Mnazi Mmoja.

Bandarini nako gati jipya la mita 300 lipo, zaidi ya bilioni 157 zimeingia pale, limeongezwa pembeni ya lile la zamani la mita 385. Mbamba Bay ujenzi wa bandari ulianza baada ya mkataba wa mwishoni mwa 2023.

Kwahiyo ukiangalia kwenye ramani kila kitu kipo. Kinachokosekana hakionekani kwenye ramani.

Kwanza ni ziwa. Kutoka Mbamba Bay hadi Nkhata Bay ng'ambo ni kama kilomita 60 za maji. Ukipiga hesabu ya umbali mtupu, Mtwara mpaka Lilongwe kupitia hapo ni kama kilomita 1,300, wakati Dar mpaka Lilongwe kupitia Kasumulu inapita 1,500. Watu wanaishia hapo wanasema si mnaona, Mtwara ni karibu zaidi. Hawahesabu kwamba kule Dar mzigo ukipakiwa kwenye lori umepakiwa, unashushwa Lilongwe. Huku kwetu unapakiwa Mtwara, unashushwa Mbamba Bay, unapakiwa melini, unashushwa Nkhata Bay, unapakiwa tena kwenye lori lingine la Malawi. Kila kupakia na kushusha kuna makuli, kuna winchi, kuna siku za kusubiri, kuna mifuko inayochanika na kuna vinavyopotea, na kuna mtu mwingine mpya wa kumlipa. Zile kilomita mia mbili na zaidi ulizookoa zinaliwa zote hapo, na mteja haangalii kilomita, anaangalia mzigo umefika lini na kwa shilingi ngapi.

Sasa mamlaka ya bandari ina meli mbili za mizigo kwenye Ziwa Nyasa, MV Njombe na MV Ruvuma, kila moja tani 1,000. Meli moja ikijaa ni kama semi thelathini na tatu. Kwa mbolea ya mifuko, saruji, makaa, hizi zinafaa sana kwasababu mzigo ni mwingi wa aina moja na hauna haraka. Lakini kwa kontena na mizigo mchanganyiko ya wafanyabiashara wa Mzuzu mi naona dawa ni feri ambayo lori linapanda lenyewe na tela lake linashuka ng'ambo linaendelea, hakuna kushusha. Ziwa Victoria MV Umoja inabeba mabehewa ya treni kati ya Mwanza na Port Bell ya Uganda, behewa linaingia na mzigo wake linatoka na mzigo wake, akili ndo hiyohiyo. Ukiniuliza ni kitu gani kimoja ningependa viongozi wetu wa Mtwara, Lindi na Ruvuma wakipiganie mwaka huu ningekwambia hiyo feri, na sio feri inayoondoka ikijaa, feri yenye siku zake. Jumanne na Ijumaa, ijae isijae inaondoka. Siku mtu wa Mzuzu atakapoweza kuhesabu kwenye vidole mzigo wake utafika lini, ndo siku ushoroba utakapoanza.

Ratiba hiyohiyo ndo tatizo la upande wa bahari. Meli za kontena zinakuja Mtwara kwa wingi msimu wa korosho, Oktoba mpaka Januari hivi, zikija kuchukua korosho zetu, na nyingi zinakuja na kontena tupu. Serikali ilifanya vizuri kuelekeza korosho za kusini zipite bandari yetu badala ya kukimbizwa Dar na malori, bila hivyo hata hizo meli tusingeziona. Ila msimu ukiisha meli ya kontena inakuwa ya kubahatisha. Chukua mfanyabiashara wa Mzuzu ana mzigo wa milioni 100 na amekopa kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, mzigo ukikaa mwezi mmoja unasubiri meli, milioni moja na nusu imeondoka bila mtu kugusa kitu, na bado storeji, na bado mteja wake amekasirika kaenda kununua kwingine. Akipitia Dar anapata meli kila wiki. Hivyo hata Mtwara ikiwa na bei nafuu ya gati, na hata mzigo wa transiti, yaani unaopita tu kwenda nchi nyingine, ukipewa siku nyingi za kukaa bandarini bure kuliko wa ndani, bado Dar inashinda kwasababu ya meli. Na wenye meli nao wana haki yao, hawawezi kuleta meli kila wiki kwenye bandari ambayo miezi sita haina mzigo wa kontena.

Hapa ndo nataka utulie dada maana ndo kiini cha jibu langu. Angalia kalenda. Kwetu salfa ya kupulizia mikorosho inaingia kuanzia kama Aprili hadi katikati ya mwaka, korosho zinatoka Oktoba hadi Januari. Malawi mvua zinaanza Novemba, maana yake mbolea yao lazima iwe imeshafika kwa mkulima kabla ya hapo, kwahiyo meli za mbolea zinatakiwa zishushe Julai, Agosti, Septemba. Tumbaku yao inauzwa kwenye masoko ya mnada kuanzia kama Aprili mpaka Agosti na kusafirishwa nje miezi inayofuata. Yaani mzigo wao unakaa mlemle kwenye mashimo ya kalenda yetu! Miezi ambayo bandari ya Mtwara inapumua na semi nyingi za Masasi zimepaki zinaota kutu, ndo miezi Malawi inahitaji kuingiza mbolea na kutoa tumbaku. Na kontena zitakazoingiza bidhaa Malawi zikirudi na tumbaku au hata zikirudi tupu, zinafika Mtwara Septemba, Oktoba, wakati ambao wanunuzi wa korosho wanalia hakuna kontena. Sijui bandari nyingine ya ukanda huu ambayo misimu yake inapishana vizuri na ya jirani yake kama hivi, na inaniuma kuona tunavyouza hoja ya umbali, ambayo ni dhaifu, tunaacha hoja ya msimu ambayo ni nzito.

Kitu cha pili kwenye kiini hichohicho ni makaa. Tangu mwishoni mwa 2021, na hasa 2022 vita ya Ukraine ilipopandisha bei, makaa ya Mbinga yanashuka Mtwara kwa malori mengi kupelekwa nje. Wewe mwenyewe unabeba. Sasa nijibu, ukishamwaga makaa Mtwara unapanda Mbinga na nini? Mara nyingi tupu, au ukibahatika saruji. Kilomita mia saba na kitu unachoma dizeli bila mzigo, na hiyo dizeli umeshaiweka kwenye bei ya makaa, yaani mwenye makaa ameshakulipia kurudi. Kwahiyo mzigo wowote wa kwenda Mbamba Bay ukiubeba hata kwa nusu ya bei ya kawaida bado ni faida kwako, na kwa Malawi inakuwa bei ambayo njia ya Dar haiwezi kuishusha. Makaa yanashuka, mbolea inapanda. Mwenye gari anafaidi, mwenye mzigo anafaidi, bandari inafaidi. Hii ndo nguvu ya ushoroba wetu ambayo Dar hawana.

Bila shaka lazima ufagie gari vizuri, vumbi la makaa likiingia kwenye mifuko ya mbolea au ya chakula mzigo unakataliwa. Tela la ubao lenye turubai zima linafaa, tipa linafaa kwa mzigo wa hovyohovyo tu. Na hata bandarini makaa na korosho kukaa jirani sio jambo zuri, ndo maana inatajwa bandari ya Kisiwa-Mgao kwa ajili ya mizigo michafu, ile ikiwa tayari gati la mjini litabaki na mizigo safi na wateja wa tumbaku hawatakuwa na wasiwasi, tumbaku inashika harufu kirahisi sana.

Kwahiyo ndo maana nakwambia usinunue semi tatu. Gari za kubeba mzigo wa Malawi tayari ziko barabarani zinapanda tupu kila siku, mzigo ukija zitaugombania na bei itakuwa chini, mwenye gari jipya la mkopo hataweza kushindana na mwenye gari la makaa anayehesabu kurudi kama bure. Wewe uko upande wa wenye faida hapo, baki huko.

Kinachokosekana ni mtu wa kukusanya mzigo. Mfanyabiashara wa Mzuzu mwenye tani 12 hana wa kumpigia simu Mtwara akamwambia nipokelee, nitunzie, gari likijaa nisafirishie, bei moja mpaka Nkhata Bay. Akiuliza leo anapewa bei ya bandari na huyu, bei ya ajenti na yule, lori kwa mwingine, meli ya ziwani hajui amuulize nani. Anachoka anarudi Dar ambako kuna ajenti anamjibu kwa meseji moja. Ungekuja kwangu na hela ya mkopo ukasema lazima niitumie, ningekwambia kodi ghala Mtwara, shirikiana na ajenti wa forodha mwenye leseni, na ungana na wenye malori wenzako kumi wa Masasi na Songea mtoe bei moja. Ghala halili dizeli, na msimu wa korosho unalipangisha.

Lami yenyewe bila usimamizi nayo haitoshi. Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Dar pale Somanga, kusini nzima tukakaa kisiwani. Kalavati moja likiondoka Tunduru ushoroba wote umeondoka, na malori ya makaa yanaikanda barabara sana, pesa ya matengenezo isitengwe baada ya shimo kutokea. Na kile kipande cha Namtumbo na Tunduru ni njia ya wanyama kati ya hifadhi za Selous na Niassa, hii ya pili iko ng'ambo ya mto Ruvuma, tembo wanavuka usiku, mwambie dereva wako asiendeshe usiku pale hata kama ana haraka.

Kuhusu makaratasi nakueleza kwa ufupi. Mzigo wa transiti ni mzigo ambao ushuru haujalipwa, kwahiyo lazima kuwe na bondi ya ajenti, yaani dhamana ya huo ushuru, gari lisajiliwe kubeba transiti, liwekewe sili ya elektroniki linafuatiliwa mpaka linatoka nchini. Mzigo ukiishia sokoni Songea badala ya kuvuka, bondi inadaiwa na wote mmeingia matatani, na gari linaweza kuzuiliwa, hivyo dereva unayempa transiti awe mtu unayemjua kwao. Uzito unajua, gari na mzigo wake jumla lisizidi tani 56 na kila ekseli ina kipimo chake, sheria ya Afrika Mashariki tunayoitumia tangu Machi 2019. Kwa maoni yangu gari lenye sili halina sababu ya kupimwa kila mizani, lipimwe Mtwara linapotoka na Mbamba Bay linapofika, sili ikiwa nzima uzito hauwezi kuongezeka njiani. Jambo hili halihitaji bajeti, linahitaji barua, na lingeokoa masaa mengi kuliko kipande kingine cha lami.

Ugumu mwingine ni kwamba Malawi sio mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wenzetu wa Rwanda, Burundi na Uganda wako ndani ya himaya moja ya forodha, mzigo wao unashughulikiwa mapema pale bandarini. Malawi tuko nao kwenye jumuiya ya kusini mwa Afrika, SADC, tu; soko la pamoja la COMESA, ambalo wao wamo, sisi tulishatoka tangu 2000. Kwahiyo kila kitu lazima kiandikwe kati ya nchi mbili: saa za kufungua forodha Mbamba Bay na Nkhata Bay zilingane, cheti cha viwango kikubalike pande zote, bima, leseni za meli. Na uhusiano wenyewe uwe wa kutabirika. Aprili 2025 tuliingia kwenye kuzuiana mazao na Malawi, walizuia baadhi ya bidhaa zetu na sisi tukazuia zao, kwetu zuio liliondolewa baada ya siku chache tu, lakini mfanyabiashara anayepanga mzigo wa miezi mitatu mbele hasahau siku hizo. Hata lile suala la mpaka wa ziwa ambalo nchi zetu zimekuwa zikilizungumza miaka na miaka, mazungumzo yaendelee ila meli zisifungwe humo.

Na hela. Malawi ina shida kubwa ya fedha za kigeni, Novemba 2023 kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 44 kwa siku moja. Mteja anaweza kuwa mtu mwema kabisa, mzigo ameuza, hela anayo kwa kwacha lakini benki yake haina dola ya kukulipa. Kwahiyo usikubali "nitakulipa mzigo ukifika", chukua kabla angalau gharama zako zote za safari, salio lilipwe kabla mzigo haujapanda meli Mbamba Bay. Mzigo ukishavuka ziwa huna la kushika.

Sasa fanya hivi. Msimu huu malizia korosho kama kawaida. Kuanzia Februari tafuta wenye malori ya makaa kama wewe mpige hesabu ya kweli ya bei ya kurudi, Mtwara hadi Mbamba Bay kwa tani, bila kudanganyana. Nenda kwa ajenti wa forodha mmoja au wawili Mtwara uulize usajili wa gari moja tu kwa transiti na gharama ya bondi, moja tu, usisajili zote. Fuatilia waagizaji wa mbolea, waulize tenda za Malawi za msimu ujao wanashushia wapi na kwanini, kwanini ndo muhimu zaidi, andika wanachokujibu. Ukibeba hata safari chache za mbolea kwa gari la makaa linalorudi utajua mengi kuliko semina yoyote. Na siku ukisikia feri ya Mbamba Bay na Nkhata Bay imetangaza siku zake za kuondoka na imezishika miezi sita mfululizo, na meli ya kontena inakuja Mtwara hata mwezi wa tano, hapo rudi benki, mi mwenyewe nitakuambia chukua.

Ukishapata hizo bei za ajenti na za wenzako nitumie tuzipige hesabu pamoja, weka na bei ya dizeli ya Masasi na ya Songea, na matairi, usisahau matairi, zile kona za kushuka Mbamba Bay zinakula matairi kuliko unavyodhani.